Kiwanja Chenye Majina Matatu

Mtu wa Bukavu, wa Kisangani ama wa Lubumbashi afikapo Kinshasa mara ya kwanza, hushuka katika uwanja wa ndege wa N'djili, kisha hufuata Boulevard Lumumba, njia pana ipitayo Masina na Limete. Huutazama mnara mrefu wa Limete, husikia Kilingala pande zote, naye hustaajabia ukubwa wa mji. Lakini akiwa mpenzi wa mpira wa miguu, hazipiti siku nyingi kabla hajauliza njia ya kwenda Kalamu, karibu na Matonge, kilipo kiwanja cha Tata Raphaël. Leo twataka kuwaongoza huko, kwa maana kiwanja hicho chatufundisha jambo linalotuhusu sote, hata sisi tukaao mbali.

Tata Raphaël alikuwa nani? Jina lake kamili ni Raphaël de la Kethulle de Ryhove, Mbelgiji, padri wa shirika la Scheut. Alizaliwa mwaka 1890, akafika Leopoldville mwaka 1917, akawa mwalimu wa shule. Alitambua kwamba masomo ya asubuhi peke yake hayamlindi kijana wa mjini. Jioni nayo yataka kazi njema. Kwa hiyo aliwakusanya vijana, akawapa mpira na sheria zake. Mwaka 1936 alianzisha timu ya Daring, ambayo leo huitwa Daring Club Motema Pembe, maana yake moyo mweupe. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 alijenga kiwanja cha Reine Astrid, ambacho siku hizi chaitwa kwa jina la Kardinali Malula. Watu wa mji wakamwita Tata, yaani Baba.

Timu zikaongezeka, watazamaji nao wakazidi, na kiwanja cha kwanza hakikutosha. Ndipo kikajengwa kile kikubwa cha Kalamu, kikafunguliwa mwaka 1952. Kilipewa jina la Roi Baudouin, mfalme wa Ubelgiji aliyekuwa ametawazwa mwaka uliotangulia, kwa sababu nchi ilikuwa bado chini ya wakoloni. Padri mwenyewe alifariki mwaka 1956.

Hakupita muda mrefu, kiwanja kikaingia katika habari za taifa. Siku ya Dominika, tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa chama cha ABAKO ulikatazwa na wakubwa wa mji. Watu waliokusanyika wakakasirika. Saa hizo hizo maelfu ya watazamaji walikuwa wakitoka kiwanjani baada ya mchezo wa V.Club, makundi hayo mawili yakakutana, na ghasia ikawaka mjini. Makumi ya Wakongo waliuawa, na wengi husema idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Siku tisa baadaye serikali ya Ubelgiji ilitamka neno la uhuru. Ndiyo sababu tarehe 4 Januari ni sikukuu ya mashahidi wa uhuru katika nchi yetu.

Jina la pili lilikuja mwaka 1967. Kiwanja kikaitwa 20 Mai, kwa ukumbusho wa siku kilipozaliwa chama cha Mobutu. Chini ya jina hilo kiliona furaha kubwa. Tarehe 9 Desemba 1973 Chui wetu waliifunga Morocco mabao 3 kwa 0, wakapata njia ya kwenda Kombe la Dunia la 1974, nchi ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika huko. Juma moja baadaye, tarehe 16 Desemba, V.Club iliifunga Asante Kotoko ya Ghana mabao 3 kwa 0, ikatwaa kombe la vilabu vya Afrika.

Mwaka uliofuata kiwanja kilitengenezwa kwa ajili ya wageni wa dunia nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi humo. Pigano lilianza yapata saa kumi za usiku, ili Wamarekani waweze kulitazama kwao ikiwa bado jioni. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Watu wapata 60,000 waliketi wakingoja, na katika duru ya nane Foreman akaanguka. Mara baada ya hapo mvua kubwa ilinyesha. Wageni wakapanda ndege wakaenda zao. Kiwanja kikabaki na mvua yake.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo penye fundisho. Maji ya mvua ni adui mwenye subira. Mfereji ukiziba majani, maji husimama juu ya ngazi za watazamaji. Hupenya katika ufa mdogo wa saruji mpaka yakutane na vyuma vilivyo ndani. Chuma hushika kutu, kutu huvimba, na saruji hupasuka kutoka ndani. Ufa uliokuwa kama unywele huwa mpana hata mkono ukaingia. Mtu mmoja mwenye jembe na ufagio, akifanya kazi kila juma, angaliweza kuyazuia hayo. Asipokuwako, miaka ikipita, huhitajika mamilioni. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Serikali ilichagua kujenga kingine. Wachina walijenga kiwanja kipya katika Lingwala, karibu na Palais du Peuple, chenye nafasi ya watu 80,000. Kilipofunguliwa mwaka 1994 kiliitwa Kamanyola, jina la mji wetu wa Kivu katika bonde la Ruzizi. Mwaka 1997, Mobutu alipoondoka, viwanja vyote viwili vilibadilishwa majina. Kile kipya kikawa kiwanja cha Mashahidi, kwa heshima ya Kimba, Bamba, Anany na Mahamba, walionyongwa hadharani mwanzoni mwa Juni 1966. Kile cha Kalamu kikapata jina lake la tatu, Tata Raphaël. Hivyo watoto wa mji walimrudishia baba yao haki yake.

Lakini jina ni kazi ya rangi na brashi siku moja. Mfereji ni kazi ya kila mwaka. Kiwanja cha zamani kilizidi kuchakaa mpaka michezo ya Francophonie ilipokaribia. Michezo hiyo iliahirishwa zaidi ya mara moja, ikafanyika Kinshasa tangu tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023. Kwa ajili yake mafundi walirudi Kalamu, wakakikarabati kiwanja, na majumba ya michezo ya ndani yakajengwa kando yake. Wengine walifurahi, wengine waliuliza fedha zimetumikaje. Twaona swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha ya taifa ni jasho la watu. Walakini liko swali jingine kubwa zaidi: wageni wakiisha kwenda, ufunguo wa lango atashika nani?

Kama kiwanja kilichotengenezwa kitafungwa, kingoje sherehe kubwa tu, watoto wa Kalamu watacheza barabarani katikati ya magari, na kazi ya Tata Raphaël itakuwa imegeuzwa chini juu. Tena kama milango haiangaliwi, sherehe yenyewe huwa kilio. Tarehe 29 Oktoba 2022, katika kiwanja cha Mashahidi, watu 11 walikufa kwa msongamano wakati wa tamasha la muziki. Ukarabati wa kweli huanza hapo: tikiti zisizozidi nafasi, milango iliyo wazi na mipana, watu waliofundishwa kuongoza umati. Rangi na taa hufuata nyuma.

Nasi wa mashariki tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Kinshasa peke yake. Timu ya TP Mazembe, ambayo leo Afrika yote yaijua, ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri wa Mtakatifu Benedikto huko Elisabethville, kwa ajili ya vijana wao. Mambo makubwa ya mpira katika nchi yetu yalizaliwa katika viwanja vidogo vilivyotunzwa na watu wenye saburi.

Basi, enyi wazazi na walimu, kila parokia na kila shule ina kipande chake cha ardhi ambapo watoto hukimbilia mpira. Tukichunguze kabla ya masika. Mifereji izibuliwe, mashimo yafukiwe, mawe na vipande vya chupa viokotwe, na mpaka uandikwe katika karatasi za serikali, asije mwenye fedha akajenga duka lake katikati ya goli. Kazi hiyo haingoji mamilioni wala wageni. Yaweza kuanza Jumamosi hii, na watoto wenyewe watashika majembe kwa furaha, kwa maana wajua ni chao.