Inhela Moja, Vifua Viwili

Mimi na dada yangu mdogo sote tuna pumu. Tumelelewa Kitengela, kwa vumbi lile lile la murram, la mjengo na la malori ya barabara ya Namanga. Dawa pia ni ile ile, inhela ya bluu. Lakini haitujibu sawa. Mimi nikivuta mara mbili, baada ya dakika chache kifua kinafunguka. Yeye atavuta, angoje, avute tena, na bado unasikia kile kifilimbi. Kwa miaka mingi watu wa nyumbani walisema anadeka. "Mbona mwenzako anapata nafuu?"

Kuna majibu bora kuliko kudeka. Salbutamol, dawa iliyo ndani ya ile bluu, hushika vipokezi kwenye misuli ya njia za hewa ili misuli ilegee. Maagizo ya kutengeneza vipokezi hivyo yako kwenye jeni iitwayo ADRB2, na jeni hiyo haifanani kwa watu wote. Mwaka 2004, jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye aina fulani ya jeni hiyo, waliyorithi kwa baba na kwa mama, hawakufaidika na salbutamol ya kila siku kama wenzao. Na ndugu wa tumbo moja wanaweza kurithi nakala tofauti kabisa.

Basi si apimwe jeni tujue? Hapo ndipo mambo yanakuwa magumu. Kufikia 2018, karibu asilimia 78 ya watu waliokuwa kwenye tafiti kubwa za jeni na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Waafrika walikuwa kama asilimia 2.

Hiyo ina maana gani? Fikiria maziwa. Mwaka 2007, watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba wafugaji wa Kenya na Tanzania humeng'enya maziwa ukubwani kwa sababu ya mabadiliko ya jeni tofauti na yale ya Wazungu. Ungempima nyanya yetu wa Kajiado kwa kipimo cha Ulaya, karatasi ingesema maziwa hayamfai, na yeye yuko kikombe cha tatu cha chai.

Wala rangi ya ngozi haitoshi. Mwaka 2019, utafiti wa Marekani uliwafuata watoto weusi ambao pumu yao haikutulia. Asilimia 46 walifanya vizuri zaidi walipoongezewa steroidi ya kuvuta, na 46 wengine walipopewa dawa ya pili ya kufungua kifua. Asili yao ya Kiafrika, ilipopimwa kwenye jeni, haikutabiri nani angeangukia wapi.

Kilichomsaidia dada hakikutoka maabara. Daktari alimuuliza anavuta mara ngapi kwa wiki, akamwambia avute mbele yake, kisha akamwandikia inhela ya steroidi ya kila siku. Ile bluu hulegeza misuli tu. Uvimbe wa ndani unabaki. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA unasema watu wazima na vijana wasitibiwe kwa hiyo peke yake.

Siku moja nataka jeni za watu wa Kitengela na Kajiado ziwe kwenye hizo hesabu. Kwa sasa kuna kipimo cha bure: muulize mgonjwa, "Umevuta, unasikiaje?" Halafu akikujibu, mwamini.