Kabla Hujashusha Gari Marereni

Ombi hili hunifikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa nyumbani Marereni, pwani ya Kenya: "Mjomba, nitafutie rimu za inchi 17 na springi fupi, gari likae chini." Wameona picha za Volkswagen Golf za miaka ya 1980 na 1990 zilizoshushwa mpaka madigadi yanakaribia kulalia tairi. Mtindo huo una mizizi mirefu huku Ulaya. Tangu 1982 wapenzi wa Golf GTI walikuwa wakikusanyika kando ya ziwa la Wörthersee, Austria, kuonyeshana magari yao. Naishi Ujerumani, magari hayo nayaona barabarani, na nakiri ni mazuri. Gari la zamani lililoshushwa kwa kipimo halilali sana kwenye kona, na kwenye barabara laini hutulia.

Ila kijana wa Marereni akiiga umbo la gari hilo bila utaratibu uliolitengeneza, analeta hatari nyumbani.

Huku kila badiliko lina karatasi

Anayenunua springi fupi Ujerumani hupewa cheti cha mtengenezaji kinachotaja ni za gari gani, hushusha kwa milimita ngapi, na huruhusu rimu za ukubwa gani. Fundi akimaliza kuzifunga, gari hupelekwa kwa mkaguzi wa shirika kama TÜV, DEKRA au GTÜ. Mkaguzi huzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, hupandisha gurudumu moja juu ya kizuizi aone kama tairi linagusa madigadi, kisha huangalia taa, maana gari likishuka mwanga nao hubadilika. Likifaulu, mwenyewe hupewa karatasi. Asipofanya hivyo, gari laweza kupoteza kibali cha kutembea barabarani. Na hata likishapita, magari ya kibinafsi kwa kawaida hurudi kukaguliwa kila baada ya miaka miwili.

Springi iliyokatwa kwa msumeno au kwa moto haina nafasi mbele ya mkaguzi huyo. Moto huharibu ugumu wa chuma. Springi iliyofupishwa hivyo inaweza kulegea na kutoka mahali pake gurudumu linaponing'inia, na shokabzoba iliyotengenezewa urefu wa zamani hufanya kazi karibu na mwisho wake mpaka ife.

Kwetu Kenya, magari ya abiria na ya biashara ndiyo yaliyozoeleka kupelekwa kila mwaka kukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama. Gari dogo la nyumbani kwa miaka mingi liliachiwa macho ya mwenyewe na fundi wake.

Hesabu ya tairi

Chukua tairi lililoandikwa 175/70R14, saizi ya kawaida kwa gari dogo la zamani. Upana wake ni milimita 175, na ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 122.5. Ukihamia rimu ya inchi 17 na unataka kimo cha gurudumu kibaki karibu vilevile, utafika 205/40R17. Ubavu wa tairi hilo ni milimita 82. Umepoteza sentimita nne za mpira na hewa, na zile sentimita nne ndizo zilizokuwa zikipokea shimo kabla halijafika kwenye rimu. Ongeza kushusha gari kwa milimita 35, uone kilichobaki kati ya sampu na tuta la barabarani.

Kuna pia kipimo cha tundu la katikati. Rimu ya Golf ya zamani yenye matundu manne huwa nayo kwenye duara la milimita 100, sawa na Corolla nyingi za miaka ya 1990, kwa hiyo nati zitaingia. Lakini tundu la rimu ya Golf ni milimita 57.1, na habu ya Corolla ni 54.1. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo, rimu inaweza kufungwa nje ya kati na usukani ukatetemeka gari likikimbia.

Chumvi ya msimu na chumvi ya mwaka mzima

Majira ya baridi, barabara za Ujerumani humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Wengi huvua rimu zao nzuri za aloi, huziosha, huziweka ndani, na hufunga rimu nyingine za baridi mpaka karibu na Pasaka. Wanajua mkwaruzo mdogo ukishatoboa rangi, chumvi hupenya chini yake na aloi huanza kutoa unga mweupe. Unga huo ukifika pale tairi linapokaa juu ya rimu, hewa huvuja polepole.

Sasa fikiria Marereni. Kuanzia Gongoni hadi Kurawa ni mashamba ya chumvi, malori ya chumvi hupita mchana kutwa, na upepo wa bahari hauna likizo. Kwetu hakuna mwezi wa kuvua rimu. Chumvi hiyohiyo hula springi mahali rangi ilipobanduka. Na rimu ikipasuka shimoni, huchomelewa na kupakwa rangi, jambo ambalo wakaguzi wa Ujerumani hawalikubali, kwa kuwa aloi iliyochomelewa inaweza kuvunjika tena mahali pale pale ikiwa mbioni.

Mafundi wetu waliona mapema

Kenya nzima mafundi huweka spesa juu ya springi kuinua magari. Wa kwetu wameona barabara za ndani za Magarini baada ya mvua, wameona gari lilelile likibeba watu watano, magunia ya nazi na mitungi ya maji. Kuinua kwa namna hiyo nako kunahitaji kipimo, kwani kukizidi huchosha viungo vya ekseli za mbele. Lakini wazo lao limetoka kwenye barabara wanayoipita, na hilo ndilo wazo sahihi la kuanzia.

Ninachowaomba

Kijana anayependa gari lake anastahili jibu, si kukemewa. Jibu langu ni rimu ya inchi 15 yenye 185/60R15: kimo cha gurudumu hakibadiliki kwa zaidi ya asilimia moja, na ubavu unabaki milimita 111. Gari litapendeza na bado litapita. Acha springi za kiwandani, na fedha za kushusha zinunue shokabzoba na bushi mpya.

Nanyi wenzangu mlio ughaibuni, msitume rimu kwa kuangalia picha. Ulizeni kwanza idadi ya nati na duara lake, tundu la katikati, kina cha kukaa kwa rimu, na uzito ambao tairi linaruhusiwa kubeba. Someni pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 1219 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 12 ya 2019. Tairi lililotupwa Ulaya kwa uzee halifai kubeba mama zetu kwenda hospitali Malindi. Likiwa limezeeka, liacheni huko huko.