Injini Katikati, Injini Tezini

Mteja anayetafuta mashua ya kuvutia watu majini huanza na nguvu za farasi. Atakizunguka chombo, atakigonga ubavuni kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha aulize: hii ina farasi wangapi? Mimi humrudishia swali: nani atakayeshika kamba huko nyuma? Karibu injini zote za mashua hizi zina uwezo wa kutosha. Nyingi ni V8 za asili ya magari zilizogeuzwa zifae majini. Linaloamua ni mahali injini ilipokalishwa na njia ambayo shafti inapita kwenda kwenye rafadha. Hayo ndiyo yaliyonilisha huko Florida ya kati mpaka nywele zikaingia mvi.

Ufundi wenyewe niliuanza Mombasa. Ami yangu alikuwa akifunga mashine za dizeli kwenye majahazi, na mimi nilikuwa mshika taa, mchota oili na mtumwa wa spana. Mashine ilikalishwa juu ya magogo, shafti ikateremka moja kwa moja hadi nje, rafadha ikazunguka mbele ya usukani. Baadaye bahati nasibu ya viza ya Marekani ikaniangukia, nikajikuta Winter Haven, mji wenye maziwa mengi yaliyounganishwa kwa mifereji, ambako karibu kila nyumba ya ufukweni ina gati lake. Nikapata kazi ya kuosha mashua kwenye karakana moja. Siku mzee wa karakana alipofunua kasha la katikati ya boti ya ski nikaona injini, giaboksi na shafti vimepangwa kama vya ami, nilicheka kwa sauti. Akaniuliza kinachonichekesha. Kiingereza cha kumweleza sikuwa nacho, nikamwonyesha kwa mikono. Kesho yake alinitoa kwenye ndoo na sabuni.

Nilikuwa nimefika penyewe. Ski za majini zilizaliwa kaskazini, Minnesota, ambako kijana Ralph Samuelson alisimama juu ya mbao mbili kwenye Ziwa Pepin mwaka 1922. Lakini waliozifanya kuwa tamasha ni watu wa Winter Haven. Dick Pope alifungua bustani ya Cypress Gardens kando ya Ziwa Eloise mwaka 1936, na maonyesho yake ya ski yakavuta watalii kwa miongo mingi. Bustani ilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2011 ikafunguliwa Legoland mahali pale pale. Orlando nako, mtaa wa Pine Castle, W.C. Meloon alikuwa ameanza kuunda boti mwaka 1925, na kiwanda chake kikatoa Ski Nautique mwaka 1961. Wazee wa karakana walizungumzia mambo haya kama watu wa kwetu wanavyozungumzia nasaba.

Boti ya ski hasa ni ile ya injini katikati. Uzito umelala kitovuni, chombo kinakaa sawa juu ya maji, na kikishika kasi huacha nyuma wimbi dogo, laini. Mchezaji wa slalomu anataka hilo tu. Wanaume wa daraja la juu huvutwa kwa kilomita 58 kwa saa, wanawake kwa 55, na ndani ya mita 259 wanatakiwa kuzunguka maboya 6, kulia na kushoto. Kamba huanza na urefu wa mita 18.25, kisha inakatwa hatua kwa hatua kila mtu anapofaulu. Boya liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati anakopita dereva. Sasa hesabu mwenyewe: kamba ikifika mita 11.25 haifiki tena kwenye boya. Kinachobaki ni urefu wa mtu, mikono ikinyooka na mwili ukilala karibu na maji. Kwa mwendo huo, wimbi la kimo cha goti linamrusha.

Jambo la pili wanunuzi hawalioni, na mimi naliona ndilo zuri kuliko yote. Kwenye boti hizi kamba haifungwi tezini. Inafungwa kwenye nguzo iliyosimama mbele ya injini, karibu na katikati ya chombo. Mtu mzima anapojitupa upande mmoja kwa nguvu zake zote, kama kamba ingekuwa tezini angeizungusha mashua. Ikiwa katikati, chombo kinayumba kidogo tu, na mapezi yaliyo chini ya boti yanakishikilia kwenye mstari wake.

Weikibodi ikaja ikapindua mambo. Mwaka 1985 Tony Finn alitoa ubao wake aliouita Skurfer, na mwaka 1990 Herb O'Brien akatoa Hyperlite, ubao uliokuwa rahisi kuuzamisha wakati wa kuanza. Mchezaji wa ubao hataki maji laini. Anakwenda taratibu, kama kilomita 35 kwa saa, na analitaka wimbi liwe kubwa, lenye ukingo wa kurukia. Hapo ndipo injini ya tezini, yenye shafti ya kukunja, ilipopata soko lake. Injini inageuzwa mgongo, giaboksi ikielekea omoni. Nguvu inatoka kwa mbele, inageuzwa ndani ya giaboksi, kisha shafti inarudi nyuma ikipita chini ya injini yenyewe. Rafadha na usukani vinabaki chini ya boti, lakini uzito wote umehamia tezini, nalo tezi linachimba maji. Juu yake wakasimamisha mnara wa kamba, ili mvuto utoke juu na kumnyanyua mchezaji.

Bado hawakutosheka, wakaongeza farumi. Manahodha wa ami walipanga mawe ngamani, wakiyahamisha kwa mkono. Florida unabonyeza swichi, pampu inavuta maji ya ziwa kujaza matangi na mifuko, na mashua kubwa inaweza kubeba zaidi ya tani moja ya maji. Nashauri kila mtu ayamwage yote kabla ya kuhamia ziwa jingine, maana maziwa yale yana magugu ya haidrila, na kipande kimoja kinatosha kuanzisha balaa jipya. Haidrila hiyo hiyo huziba chujio la maji ya kupoza injini. Nimetoa mafundo yake kwa vidole mpaka nikayachukia kuliko papa.

Kwa fundi, ya katikati ni rehema. Unafunua kasha, kila kitu kiko mbele yako. Ya tezini unalala kifudifudi, unapitisha mkono chini ya injini kutafuta kasha la pakingi, pale shafti inapopenya sakafu, na spana inazunguka nyuzi chache tu kabla ya kugonga kitu. Pakingi za kamba za zamani hutakiwa kudondosha matone machache shafti inapozunguka, ili zipoe. Wateja wakiona tone wanadhani wanazama, wanakaza wenyewe, kisha wananiletea shafti iliyochubuka.

Kazi niliyoipenda ni kunyoosha shafti. Boti iwe majini, maana ikiwa juu ya trela bodi yake hukaa vingine. Unafungua boliti za kapulingi, unazikutanisha flenji mbili kwa mkono, unapitisha filageji juu, chini, kushoto na kulia. Tofauti isizidi sehemu 3 za elfu moja ya inchi, yaani milimita 0.08 hivi. Ikizidi, unalegeza maunti za injini, unapandisha kidogo, unapima tena. Mzee wa karakana alikuwa akifumba macho na kusikiliza vidole. Boti iliyonyooshwa vizuri, weka glasi ya maji juu ya kasha la injini, uso wake hautetemeki sana.

Mpwa wangu alipokuja kujifunza kazi aliniuliza, "Mjomba, mbona wasinunue zile za mguu wa nje, zilizo rahisi, wakamaliza?"

Swali la haki. Mguu wa nje, wenye injini ndani na rafadha nyuma ya tezi, unageuka vizuri gatini, hata kwa kurudi nyuma. Boti za shafti zikirudi nyuma hazisikii usukani. Tezi linavutwa upande mmoja, na wageni wengi wamelipa gati la jirani kwa sababu hiyo. Lakini mguu una mipira ya kuzuia maji inayozeeka, na ikipasuka mashua inaweza kuzama ikiwa imefungwa. Zaidi ya hapo, rafadha iko hapo hapo anapoangukia mtu anayecheza karibu. Siku hizi vijana wanapanda wimbi bila kamba, mita chache tu kutoka tezini, kwa kilomita kama 17 kwa saa. Mchezo huo na rafadha ya nyuma, hapana. Mwaka 2015 Volvo Penta walitoa mguu wenye rafadha zinazotazama mbele, chini ya boti, na hapo angalau kuna la kujadili. Moshi ni suala jingine: hewa ya kaboni monoksidi inajikusanya tezini, nayo imeua watu waliokuwa wakining'inia kwenye jukwaa la kuogelea. Injini ikiwa inawaka, hapo si mahali pa kukaa, boti iwe ya aina gani.

Familia moja ilinisumbua akili kuliko zote. Baba alikuwa mtu wa slalomu tangu utotoni. Binti alikuwa na ubao wake na marafiki watatu. Mama alitaka viti, kwa sababu ya katikati ina kasha kubwa pale pale ambapo watu wangekaa. Niliwatoa ziwani na boti zote mbili. Kwenye ya tezini, farumi zikiwa tupu, baba aliteleza kupita wimbi akaruka kidogo, akarudi akinitazama kwa huzuni. Kwenye ya katikati binti alikaa juu ya ubao wake akisubiri wimbi ambalo halikuja.

"Ungekuwa wewe ungenunua ipi?" baba akaniuliza.

"Mimi sina watoto wa weikibodi, bwana."

Walinunua ya tezini, nami nikaona wamefanya sawa, ingawa mimi ni mtu wa katikati. Baba akawa anaamka alfajiri kwenda kuvutwa na jirani yake, mwenye boti ya katikati ya miaka ya 1990, kabla upepo haujaamka. Baadaye akanipigia simu: jirani anahama, boti inauzwa, shafti inatetemeka, je, aichukue? Nikamwambia mtetemo ni kazi ya saa mbili, na kama yeye haitaki aniambie mapema.

Aliinunua jioni ile ile.