Kuchagua Mashine ya Kujalidi

Karatasi zisizofungwa hazina amani. Upepo mdogo wa pangaboi huzipindua, mkono wa mtoto huzichanganya, na ukurasa wa 41 ukipotea hapana ajuaye ulikokwenda. Kwa sababu hiyo kila mahali pa kazi panapozaa maandishi, hata pakiwa padogo kama chumba kimoja chenye meza mbili, hufika siku pakahitaji mashine ya kujalidi. Siku hiyo mwenye fedha kidogo yumo katika hatari kubwa kuliko mwenye fedha nyingi. Tajiri akikosea hununua nyingine. Maskini akikosea hukaa na kosa lake juu ya meza, akalipangusa vumbi kila asubuhi.

Neno lenyewe lina asili ya kupendeza. Kujalidi limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni ngozi, kwa kuwa vitabu vya kale vilivikwa ngozi. Katika shina hilohilo mna maana ya kupiga viboko, yaani kuiadhibu ngozi ya mtu. Mitaani siku hizi husemwa kubaindi, wala si vema kuwakemea wasemao hivyo, maana wateja wao huwaelewa. Walakini mtu aliyeuvuta mpini wa mashine hafifu mara mia kwa siku moja atakubali kuwa maana zote mbili za neno la kale zingali hai.

Mfano wa kufaa hupatikana katika duka moja la steshenari karibu na lango la chuo kikuu, Dar es Salaam. Mwenye duka ni mwanamke aliyeanza na mashine moja ya fotokopi, akisaidiwa na binti wa kaka yake. Wateja wake ni wanafunzi, na kazi zao ni ripoti za mafunzo kwa vitendo, makabrasha ya mihadhara, na tasnifu. Kwa muda mrefu alichapa na kunakili tu, kisha akazipeleka karatasi kwa jirani zikafungwe, faida ikabaki huko. Alipopata zamu yake ya upatu aliazimia kununua mashine yake mwenyewe. Fedha hizo zilikuwa na kazi nyingine pia: ndani yake mlikuwa na ada ya yule binti, na muhula ulikuwa karibu kufunguliwa.

Alikwenda Kariakoo. Muuzaji alimwonyesha mashine nyeupe, nyepesi, nzuri kwa macho na ya bei ndogo.

"Dada, hii inafunga karatasi 500," alisema.

Muuzaji hakusema uongo. Kitana cha plastiki kilicho kikubwa kuliko vyote, chenye upana wa milimita 51, huuzwa kwa ahadi ya kubeba karatasi zipatazo 500, ijapokuwa rimu moja ya karatasi za kawaida ina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo hukaa humo kwa kubanana. Lakini kufunga si kutoboa. Mashine ile ilitoboa karatasi 8 tu kwa mvuto mmoja. Hesabu zote mbili ziliandikwa juu ya kasha: ile kubwa mbele kwa herufi nene, ile ndogo ubavuni kwa herufi za kutafutwa. Hapana hila nyepesi kuliko hii katika biashara nzima ya vyombo vya ofisini, na hapana inayonasa watu wengi zaidi.

Mwanamke yule hakununua siku ile. Alimwendea mzee mmoja mjalidi, wa wale ambao bado hushona vitabu kwa sindano na uzi na kuvivika majalada magumu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea tasnifu ya nani leo?"

"Sikuleta kazi, babu. Nataka kununua mashine, nami naogopa."

"Basi usiulize inafunga ngapi. Uliza inatoboa ngapi. Ukijibiwa, punguza robo."

Robo hiyo haikutolewa kwa chuki ya fundi wa kale kwa chombo kipya. Mtengenezaji huipima mashine yake ingali na meno makali, kwa karatasi kavu ya gramu 80 kwa mita mraba. Dukani meno huzeeka, majalada ni mazito kuliko karatasi za ndani, na karatasi iliyokunywa unyevu wa pwani haikatiki vizuri. Chukua tasnifu ya karatasi 160, nayo yatakiwa nakala nne. Mashine ya karatasi 8, ikipunguzwa robo, hutoboa 6: ni mivuto 27 kwa nakala moja, na 108 kwa zote. Mashine ya karatasi 20 hutoboa 15 kwa kweli: ni mivuto 11 kwa nakala moja, na 44 kwa zote. Tofauti ya mivuto 64 haikuandikwa katika bei ya mashine yoyote. Hulipwa na bega la anayeivuta.

Kabla ya kurudi sokoni alifungua daftari lake la kazi za miezi mitatu, jambo ambalo wanunuzi wengi hulidharau. Aliona kuwa kazi nyingi hazikuzidi karatasi 60, na kwamba tasnifu zilikuja kwa wingi katika majuma machache tu, zote kwa haraka, nyingi usiku. Daftari likamsaidia kuamua aina ya mashine, na hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Kufunga kwa waya hupendeza kuliko namna nyingine. Kitabu hulala sawa mezani, na chuma chake hung'aa. Lakini waya wa matundu matatu kwa inchi haupiti kwa kawaida milimita 14, nao hubeba karatasi 120 hivi. Kazi nene zaidi hutaka matundu mawili kwa inchi, na matundu hayo hutaka mashine nyingine au meno mengine. Tena waya ukishabanwa haufunguliwi ila kwa kutupwa. Spairo hustahimili misukosuko ya mkoba na hugeuka mzunguko mzima, ila huingizwa tundu kwa tundu, na ncha zake hukatwa na kukunjwa kwa koleo lake maalumu. Gundi ya moto ni safi, lakini hutaka umeme na majalada yaliyokwisha kutiwa gundi. Matundu ya aina hizi hayaelewani: karatasi iliyotobolewa kwa moja haifai kwa nyingine.

Kitana cha plastiki ni duni kwa sura. Hulegea katika joto, huvunjika kikizeeka. Hata hivyo kina sifa moja ambayo karibu na lango la chuo hushinda uzuri wote: hufunguka. Tasnifu haimalizwi siku inapojalidiwa mara ya kwanza. Hurudi kutoka kwa watahini na masahihisho. Msimamizi hutaka jedwali libadilishwe. Mwandishi mwenyewe hugundua saa nne za usiku kuwa shukrani zimewekwa baada ya sura ya kwanza. Kwa kitana, karatasi moja hutolewa na nyingine ikaingia, na mwanafunzi halipi kazi nzima mara ya pili. Waya ni wa watu waliokwisha kumaliza.

Alirudi Kariakoo akachagua mashine ya kitana, ya mkono, isiyotaka umeme, ya kutoboa karatasi 20. Aliikataa moja kuukuu iliyotoka Marekani, ijapokuwa ilikuwa rahisi, kwa kuwa ilikuwa na meno 19 kwa karatasi ya huko, na A4 hutaka 21. Aliyoichukua ilikuwa ya chuma, nzito, yenye mpini mrefu usioisukuma mashine ikavutwapo, na meno yake yaliweza kuzimwa moja moja ili tundu lisikate ukingo wa karatasi. Vitana alinunua vya namna mbili tu, milimita 10 kwa ripoti na 22 kwa tasnifu. Bei ilikaribia mara mbili ya ile nyeupe, na ada ikapungua.

Hakumficha binti. Alimwambia kiasi kilichobaki na siku atakayokitimiza.

"Shangazi, ungenunua ile nyeupe ada ingetosha."

"Ingetosha, mwanangu. Lakini mwenye kuivuta ni wewe."

Binti hakujibu. Juma la tasnifu lilipoingia, foleni ilifika nje ya mlango, na kisanduku kilicho chini ya meno, kipokeacho vipande vya karatasi vilivyotobolewa, kilimwagwa mara tatu siku ya kwanza. Mara ya nne walisahau, vipande vikajaa, meno yakakataa kushuka. Ilibidi mashine ipinduliwe juu ya gazeti na kugongwagongwa mgongoni, wateja wakingoja na tasnifu zao mikononi.