Bomba Moja la Silinda Sita

Mpwa wangu amenunua Mark X, na jambo la kwanza alilofanya ni kuipeleka kwa fundi ikatwe ekzosi. Sailensa mbili za nyuma zimetupwa, mabomba mawili yameunganishwa kuwa moja la inchi nne, na sasa mtaa mzima unajua saa anayorudi nyumbani. "Mjomba, sasa inapumua," akaniambia. Nikamuuliza fundi alipimaje. Hakuelewa swali.

Miaka ya sabini swali hilo lilikuwa na jibu pale Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambako sisi tulipaita Grogan. Palikuwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa ekzosi tu. Hagusi kabureta, hagusi breki. Wakati huo kila mwenye fedha alitaka Datsun 240Z, kwa sababu lilishinda Safari Rally ya Pasaka mara mbili. Nimehakikisha miaka, ni 1971 na 1973, ila mimi huikumbuka kama Pasaka moja ndefu yenye vumbi.

Gari lile lina injini ya lita 2.4, silinda sita mstari mmoja. Wateja walikuja wakitaka mabomba mawili hadi nyuma. Mzee alikataa. Mawili ni mazito, yana sailensa mbili za kuoza, na kwenye barabara ya mawe ni vitu viwili vya kung'oka. Kisha aliinama na chaki akaandika sakafuni: 1-5-3-6-2-4.

"Tazama, kijana. Moja, tatu na mbili ziko mbele. Tano, sita na nne ziko nyuma. Zinapokezana."

Basi silinda tatu za mbele zilipata bomba lao, na tatu za nyuma lao. Katika kila kundi moshi ulitoka kila baada ya digrii 240 za mzunguko wa kranki, hivyo silinda hazikupuliziana. Chini ya gari mabomba hayo mawili, ya inchi moja na robo tatu kila moja, yaliungana kuwa moja la inchi mbili na nusu. Chukua kipenyo ukizidishe kwa chenyewe, ujumlishe yale mawili, utaona nafasi ni karibu ile ile. Moshi haubanwi, wala haupati uwanja mpana wa kupoteza kasi. Na kasi hiyo ndiyo husaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata.

Kukunja bomba kulichukua siku nzima. Kwanza alilala chini ya gari na waya mnene, akaukunja kufuata njia, akikwepa ekseli na tangi. Kisha mchanga ulikaangwa kwenye karai mpaka ukauke kabisa, kwa sababu unyevu ukibaki ndani ya bomba lililozibwa, mvuke hulipasua. Alijaza, akagongagonga ushikane, akaziba ncha kwa vigingi vya mbao, akachoma mahali pa kona mpaka pakawa pekundu, akavuta polepole huku akilinganisha na ule waya. Kona ilitoka mviringo, bila kubonyea. Gesi yake ilikuwa ya kabaidi, na harufu ile inayofanana na kitunguu saumu ilikaa kwenye shati langu hata baada ya kufuliwa. Leo nikiisikia popote nasimama.

Sauti ya gari likiwashwa ilikuwa nzito na laini, na uliweza kuzungumza ukiwa umesimama nyuma yake.

Baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, yakaja na vikatalisti, na mwaka 2006 petroli yenye risasi ikaondoka, jambo jema. Lakini mafundi wengi wakajifunza kukata tu. Kikatalisti kinakatwa kikauzwe, sailensa inakatwa gari lipige kelele, na mwenye gari anaambiwa ameongezewa nguvu. Inaniudhi sana, kwa sababu nimeona kazi hii ikifanywa kwa hesabu, na watu wasio na mashine ya kukunjia hata moja. Gari la mpwa wangu halina mvuto tena kwenye mlima likiwa na mzunguko mdogo, na watoto wa jirani hawalali.

Ndugu mwenye silinda sita, kabla fundi hajashika msumeno, muulize silinda zinawaka kwa mpangilio gani, na kwa nini amechagua upana huo wa bomba. Asipoweza kukujibu, washa gari uondoke.