Kokeshi: Mwanasesere Asiye na Mikono Wala Miguu

MTOTO akimwona kwa mara ya kwanza huenda akauliza: mikono yake iko wapi? Naam, mwanasesere aitwaye kokeshi hana mikono wala miguu. Ni kichwa cha mviringo juu ya kiwiliwili kilichonyooka kama mchi, macho mawili yaliyochorwa kwa wino mweusi, pua, kidomo chekundu na maua kifuani. Basi. Hata hivyo, wako watu wazima, wenye familia na kazi zao za heshima, ambao husafiri mamia ya kilomita kumtafuta mmoja tu aliyetengenezwa na fundi aliyekwisha kufariki zamani.

Kwao kokeshi ni Tohoku, sehemu ya kaskazini mashariki ya Honshu, kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini Japani. Tohoku ina mikoa sita: Aomori, Akita, Iwate, Yamagata, Miyagi na Fukushima. Ni nchi ya milima, misitu na theluji nyingi. Chini ya milima hiyo mna moto, ndiyo maana chemchemi za maji moto zimetapakaa kila upande.

Msafiri atokaye Tokyo hupanda garimoshi la kasi, Shinkansen, hadi kituo cha Furukawa, safari ya muda wa saa mbili hivi. Hapo huhamia garimoshi dogo ambalo humpeleka polepole, kupitia mashamba ya mpunga, hadi mji wa Naruko katika mkoa wa Miyagi. Mwendo huo ni wa dakika 45 hivi. Akishuka tu, pua humwarifu kwamba amefika, kwani harufu ya salfa, kama ya yai viza, imetanda hewani. Wanafunzi watapenda kujua kwamba bafu moja la umma mjini humo hupata maji yake kutoka chemchemi iliyochimbwa mwaka 1948 na wanafunzi wenzao wa Chuo Kikuu cha Waseda, waliokuwa katika mazoezi ya masomo yao.

Lakini wengi wa wageni hawaji kuoga tu. Barabara ya mji imejaa maduka yenye kokeshi waliopangwa safu kwa safu, na ndani ya baadhi ya maduka hayo fundi huonekana akiwa ameinamia kerezo lake, vumbi la mbao limemfunika hadi nyusi. Mjini humo pia mna jumba la makumbusho la kokeshi lililofunguliwa mwaka 1975.

Waliotoka msituni

Chanzo cha haya yote ni wakereza mbao waitwao kijishi. Hawa walikuwa watu wa msituni, waliohama mlima hadi mlima wakifuata miti mizuri na kutengeneza mabakuli na sinia. Katika hadithi zao za kale husimulia kwamba ufundi wao ulitoka kwa Mwanamfalme Koretaka, aliyeishi karne ya 9. Mpaka leo jina la ukoo la Ogura, lenye kuhusishwa na hadithi hiyo, linapatikana miongoni mwa mafundi wa kokeshi.

Kufikia mwanzo wa karne ya 19, baadhi ya wakereza hao walikuwa wakiishi karibu na vijiji vya maji moto. Huko waliona jambo. Kila baada ya mavuno wakulima walikuja kukaa siku kadhaa, wakijitosa majini ili kupumzisha mifupa iliyochoshwa na kazi ya shamba. Wakati wa kurudi ulipowadia, mzazi hakutaka kufika nyumbani mikono mitupu. Basi mkereza akachukua kipande cha mti, akakikereza umbo la mtoto, akakipaka rangi kidogo. Bei ilikuwa ndogo na mtoto wa mkulima akapata wa kumbeba mgongoni.

Utengenezaji wake haujabadilika sana, ila kerezo lililokuwa likizungushwa kwa kamba na baadaye kwa miguu sasa huzungushwa kwa umeme. Mti upendwao zaidi ni mizuki, wenye mbao nyeupe na laini. Gogo huambuliwa gome na kuachwa likauke kwa miezi mingi, wakati mwingine hata kuzidi mwaka, kwani mti mbichi hupasuka. Fundi hukereza kichwa na kiwiliwili kwa patasi ambazo aghalabu huzifua mwenyewe. Zamani, na hata leo kwa baadhi yao, umbo lililainishwa kwa mabua makavu ya mmea uitwao tokusa, mfano wa majani ya msasa ambayo maseremala wa kwetu waliyatumia kabla ya karatasi ya dukani. Kisha brashi hugusishwa kwenye kiwiliwili kinachozunguka, na pete za rangi hujichora zenyewe. Uso huja baadaye, na hapo mkono hauruhusiwi kutetemeka, maana unyusi ukipinda kidogo tu, mtoto mpole hugeuka mwenye hasira.

Kila kijiji na sura yake

Aghalabu huhesabiwa koo 11 za kokeshi, na mjuzi humtambua kila mmoja kwa kumtupia jicho. Wa Naruko hulia. Kichwa chake huchomekwa shingoni wakati kiwiliwili kinazunguka kwa kasi. Msuguano huleta joto, kichwa huingia, na kikipoa hubanwa imara; ukikigeuza hutoa mlio kama wa kitoto. Wa Togatta ana kichwa kikubwa chenye mistari myekundu iliyotawanyika utosini kama miale. Wa Tsuchiyu, mkoani Fukushima, ana kichwa kidogo chenye pete nyeusi juu, mfano wa jicho la nyoka. Wa Tsugaru, huko Aomori, hukerezwa kwa kipande kimoja cha mti, kichwa na mwili pamoja. Wa Nanbu, mkoani Iwate, kichwa chake hulegea na kutikisika, na asili yake ni kichezeo kisicho na rangi ambacho watoto wachanga walipewa wakitafune.

Hata jina kokeshi halikuwa la wote. Kila mahali walikuwa na lao: kibokko, deko, kideko na mengineyo. Ni mwaka 1940, katika mkutano uliofanyika Naruko, ambapo wapenzi wa wanasesere hao na mafundi walikubaliana kutumia jina moja. Hili ni muhimu, kwa sababu baadaye ulienea uvumi kwamba ‘ko’ ni mtoto na ‘keshi’ ni kufuta, eti wanasesere hawa waliwakumbuka watoto waliouawa na wazazi wao wakati wa njaa. Njaa kali zilikuwepo kweli Tohoku, na majonzi yake hayana mzaha. Lakini uvumi huo hauna ushahidi. Majina mengine ya kale hayana maana hiyo, na kokeshi alinunuliwa apewe mtoto aliye hai, acheze naye.

Wakusanyaji waliokoa nini?

Karne ya 20 ilipoanza, madukani vilijaa vichezeo vya bati na selulodi. Watoto wakavikimbilia, na mafundi wengi wakaacha kutengeneza kokeshi. Mwaka 1928 Amae Tomiya, mtu wa Sendai, alichapisha kitabu cha kwanza kuhusu wanasesere hawa. Watu wa mijini wakaanza kupanda milimani, wakibisha hodi kwa mafundi na kuwaomba warudi kwenye kerezo. Hapo kokeshi akatoka mikononi mwa mtoto, akaingia kabatini mwa mtu mzima. Wapo wanaosikitikia jambo hilo. Hata hivyo, lau si makabati hayo, baadhi ya koo zingepotea kabisa.

Kwa anayetaka kukusanya, mambo machache yafaa kuzingatiwa. Kwanza, tazama chini ya mwanasesere. Wa zamani sana hawana saini, kwani hakuna aliyeweka jina lake kwenye kichezeo cha bei ndogo. Saini zilienea baada ya wakusanyaji kuzitaka, na mafundi wengine huandika hata umri wao. Pili, usimweke juani. Rangi hupauka, na zambarau ndiyo hutangulia kutoweka. Kwa hiyo, mzee aliyehifadhi rangi zake ana thamani kubwa. Tatu, usimwoshe kwa maji. Nne, usimchanganye na kokeshi wa ubunifu, waliotengenezwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia bila kufuata ukoo wowote. Hao ni wazuri kwa namna yao, na askari wa Kimarekani waliokaa Japani kati ya 1945 na 1952 walibeba wengi kwenda kwao. Ndiyo sababu kokeshi wa miaka hiyo hupatikana hata katika masoko ya mitumba ya Marekani.

Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, Wajapani wengi walitafuta njia ya kuiunga mkono Tohoku, na baadhi waliinunua sanaa hii. Vijana, hasa wanawake, wameingia katika ukusanyaji kwa hamasa. Mwezi wa Mei mji wa Shiroishi huandaa mashindano ya kokeshi yaliyoanza mwaka 1959, na mapema Septemba Naruko hufanya tamasha lake.

Lakini mnunuzi si mwanafunzi wa kazi. Michoro ya kila ukoo hurithishwa, baba kwa mwana au mwalimu kwa mwanagenzi, na kwa desturi mtu wa nje hajichukulii tu. Mafundi wengi ni wazee, na kujifunza huchukua miaka mingi yenye kipato kidogo. Fundi akifa bila mrithi, ua lile, unyusi ule na mlio ule hubaki kwenye rafu ya mkusanyaji peke yake. Rafu huweza kuhifadhi mwanasesere kwa miaka 100. Haiwezi kumkereza mwingine.