Mbatata, Mtindi na Mlango Ulio Wazi



Katika safari yangu ya Ayalandi nilipelekwa Bunratty, jimbo la Clare, ambako nyumba za kale za wakulima zimehifadhiwa pamoja na meko yake. Nilipoingia katika mojawapo nilipokewa na moshi wa udongo wa kinamasi, uliokatwa vipande na kukaushwa. Kwa watu waliokosa miti, huo ndio uliokuwa kuni zao.

Mwanzoni mwa karne ya 19, maskini wa mashamba hayo walikula mbatata asubuhi, mchana na jioni. Mama wa nyumba alizichemsha na maganda yake katika sufuria nzito ya chuma, akazimimina katika kikapu kipana cha fito hata maji yakachuruzika, kisha akakiweka kikapu juu ya sufuria ile ile, ikawa ndiyo meza. Jamaa wakakizunguka kama sisi tunavyolizunguka sinia la pilau. Kila mtu alimenya kwa ukucha wa kidole gumba, akachovya katika maji ya chumvi, akashushia mtindi. Mwanamume wa kazi aliweza kumaliza kilo 5 kwa siku, wala msistaajabu, kwani hakuwa na kingine. Kitoweo, ambacho kwa lugha yao ni anlann, kilikuwa samaki wa chumvi, siku alipopatikana.

Na siagi je, ilhali ng'ombe walikuwapo? Iliuzwa ili kumlipa mwenye ardhi kodi yake. Hata nguruwe waliyemfuga aliuzwa kwa sababu hiyo hiyo. Kusuka maziwa kulikuwa kazi ya wanawake, na mgeni aliyewakuta kazini ilimlazimu aiombee kazi baraka na kushika mchi wa pipa japo kidogo, asije akadhaniwa ameondoka na baraka ya siagi. Dhana hiyo siikubali, ila adabu ya kumpokea mama kazi yake naipenda mno.

Ada yao nyingine ilikuwa kuuacha mlango wazi wakati wa kula, mpita njia asipite na njaa.

Mwaka 1845 maradhi ya ukungu yaliingia mashambani, mbatata zikaoza ardhini. Kufikia 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa, na wengine kama hao wamehama nchi, hali nafaka na siagi zikiendelea kupakiwa merikebuni kwenda Uingereza. Mwaka 1847 Sultani Abdulmejid wa dola ya Uthmaniyya aliwapelekea msaada wa pauni 1,000. Lakini njaa ilitembea pamoja na homa, na kila mwombaji alihofiwa kuwa ameibeba. Ndipo milango iliyozoea kuachwa wazi ikaanza kufungwa wakati wa kula, na waliokuwa ndani walisikia hodi wakanyamaza.